Damu Imeganda

Hakuna anayeijua damu kuliko mimi. Nimefunga vidonda vya watoto saba na wajukuu ambao hata wazazi wao wameacha kuwahesabu, na sijawahi kutetemeka. Ila nikiiona yangu mwenyewe hukimbia, na kwa miguu hii kukimbia ni kutafuta damu nyingine. Kwa hiyo kisa hiki nakieleza kama alivyonipa mdogo wangu, aliyekuwepo. Pale nisipoelewa nilimuuliza mara mbili. Mara ya tatu alinikatia simu.

Mdogo wangu anafundisha chuo cha sayansi za afya. Wanafunzi humwita Mwalimu wa Damu, kwa kuwa ndilo somo lake, na kwa kuwa akisahihisha mtihani karatasi hurudi nyekundu tupu. Jumatano ile alifungua maabara kabla ya vipindi, miguu imemvimba, macho yanamuwasha. Wiki za mwisho za muhula chuo kizima hutembea kama wagonjwa: wanafunzi wanasinzia juu ya darubini, walimu wanasinzia juu ya wanafunzi.

Alifungua friji na kutoa kreti ya vichupa vya kofia ya zambarau. Akaiinua mwangani.

Damu ikitulia usiku kucha hujitenga. Chembe nyekundu hushuka chini, juu hubaki maji ya manjano. Hii haikujitenga. Kila kichupa kilikuwa chekundu juu mpaka chini, na mwanga ulipita kama unavyopita kwenye juisi ya watoto. Chembe zote zilikuwa zimepasuka. Damu hiyo hata mbu asingeitaka.

Mwalimu aligusa ukuta wa friji. Ulikuwa wa baridi, kama kawaida. Akafungua mlango mdogo wa juu, wa friza. Kwenye barafu laini palikuwa na alama ya mstatili, pembe nne zimekaa sawa. Akaweka kitako cha kreti juu ya alama ile. Kikalingana.

Akafunga friza, akakaa kwenye kigoda, akavua kiatu kimoja. Hakumwambia mtu.

Mkuu wa idara alipofika alitazama vichupa na kupiga miayo.

"Jana jioni umeme ulikatika. Friji ikapata joto, damu ikaharibika. Ni ajali, tuandike hivyo tukapumzike."

"Tukiandika ajali, Sista atafanyaje?"

Sista ni muuguzi wa miaka mingi aliyerudi kusoma akiwa na mvi mbili za mbele. Damu ile ilikuwa ya utafiti wake wa mwisho: mashine mpya ihesabu chembe nyeupe, kisha binadamu azihesabu kwa darubini, ionekane nani mkweli. Bila utafiti hakuna shahada. Hospitali yake ilimpa likizo ya masomo shingo upande, na likizo ilikuwa inaisha. Ikiwa ni ajali, kibali cha kuwatoa watu damu kinafungwa mpaka kamati ikae, na kamati ile hukaa ikijisikia.

"Siwezi kuwachoma watu mara ya pili kwa uzembe nisioujua," Mkuu alisema. "Nionyeshe kuwa ni mkono wa mtu, na mkono huo ulikuwa na sababu gani, nami Sista nitamruhusu leo hii. Nina kikao saa tano. Baada ya hapo ni ajali."

Jana yake, vipindi vilipokwisha, waliobaki maabara walikuwa watatu. Mwalimu akawaita mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa Injinia, mwanafunzi wa mitambo ya hospitali, kijana ambaye hutembea na bisibisi mfukoni kama wenzake wanavyotembea na simu. Ndiye aliyekuwa ameifungua friji, na Mkuu alishamkazia macho.

"Nilibadilisha taa ya ndani tu, Mwalimu. Nikarudisha kila kitu."

"Damu imeganda," Mwalimu alimwambia, basi.

Injinia alikunja uso. "Imeganda? Si mlituambia vile vichupa vina dawa ndani ya kuzuia? Basi mmeuziwa feki. Mimi sihusiki na dawa, mimi ni mtu wa nyaya."

"Nenda. Na hiyo bisibisi itakutoboa paja siku moja."

"Ilishanitoboa."

Akaingia Sista. Alikuwa amelia, lakini alikuwa amenawa uso kwanza, kama wauguzi wanavyofanya.

"Sista, damu imeganda."

"Haiwezekani." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kupita kukasirika. "Nilikigeuza kila kichupa kichwa chini miguu juu, taratibu, mpaka dawa ikachanganyika. Mwalimu, nimefanya hivyo tangu hawa watoto hawajazaliwa. Damu yangu haigandi."

"Najua, dada. Keti hapo nje, usilale."

"Nikilala niamshe na shahada."

Aliyebaki ni Profesa. Hakuwa profesa wa chochote. Jina hilo alilipata mwaka wa kwanza kwa kujibu maswali ambayo hakuulizwa. Ndiye aliyegawiwa kazi ya kuhesabu kwa darubini, Sista akahudumia mashine. Mwalimu hakumuita peke yake. Aliwaita na wengine wawili pamoja na Mkuu, wakasimama kuizunguka meza, kreti ya vichupa imefunikwa taulo. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Jana ulitoka hapa saa ngapi?" Mwalimu alimuuliza.

"Mapema tu. Nilimaliza kuhesabu, nikarudi bwenini kulala. Hata hiyo friji sikuigusa, ilikuwa na Injinia."

"Mimi nilitoka nikakuacha," Injinia alisema.

"Kaka, wewe ukiwa na waya mkononi unaona nini?"

Mwalimu alinyanyua mkono wakanyamaza. "Profesa, mwanangu, habari ni mbaya. Damu imeganda."

Profesa alitikisa kichwa kwa huruma nyingi. "Pole sana, Sista. Hiyo ndiyo basi tena. Hata ikiyeyuka haifai."

Injinia alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka, akaacha.

"Ikiyeyuka?" Mwalimu aliuliza.

"Si umesema imeganda?"

"Nimesema. Nimewaambia hawa wawili vilevile. Mmoja kalaumu dawa ya kwenye kichupa, mwingine kaniapia kwamba alivigeuza vizuri. Kwa mtu anayesoma damu, damu ikiganda imekuwa mabonge, na bonge haliyeyuki. Wewe umesikia kuganda kwa barafu. Kwa nini ukawaza barafu, wakati vichupa vinajulikana kulala kwenye friji, si kwenye friza?"

"Lugha tu, Mwalimu. Kuganda ni kuganda."

"Ndiyo maana nikalitumia neno hilo." Mwalimu akafungua friza, akamwonyesha Mkuu ile alama, kisha akapachika kreti juu yake. Mkuu akainama, akatazama, akavaa miwani akatazama tena. "Ilikaa humu ikagandishwa, barafu ikapasua chembe, halafu ikarudishwa chini iyeyuke usiku. Mlipokuja na habari za umeme kukatika, mtu alishukuru sana."

"Bado hujanipa sababu," Mkuu alisema. Alitazama saa ya ukutani. Sista naye akaitazama.

"Leo nilikuwa nichague vichupa vichache nivihesabu upya mwenyewe, nione kama hesabu yake inakaribiana na yangu. Aliyehesabu kweli haogopi. Aliyekaa kitandani akajitungia tarakimu anahitaji damu isiwepo."

"Hapo unanionea." Profesa alinyoosha mgongo. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya wote. "Nimechoka, sikatai. Nani hajachoka? Lakini nilivihesabu vyote, kwa macho yangu haya, kimoja baada ya kingine. Sina sababu ya kuharibu kazi yangu mwenyewe."

"Vyote?"

"Vyote, Mwalimu."

"Hata cha yule mama wa mwisho, aliyekuja na mwavuli?"

"Hata hicho."

"Unakikumbuka?"

"Vizuri kabisa. Chembe nyeupe zilikuwa nyingi mno, nikasema huyu mama ana homa. Nilirudia mara mbili ili nisikosee."

Sista alifumba macho. Mkuu wa idara, ambaye naye alikuwepo mama yule alipokuja, bila kusubiri zaidi alichukua boksi la sindano kabatini akamsogezea Sista mezani.

"Yule mama," Mwalimu alisema, huku akikivaa tena kiatu chake, "aliiona sindano tu akaanguka. Mimi ndiye niliyemdaka. Hakutoa hata tone."