Jani la Mtahiniwa wa Kumi na Saba

Saa moja na robo asubuhi ya Jumatatu, Bi Hadubini alifungua kabati la maabara ya mimea akakuta bahasha ya majibu ya mtihani wa Jumamosi imepasuliwa chini na kubandikwa tena kwa gundi. Lakiri ya juu ilikuwa nzima. Mwizi msomi huyo: ameheshimu lakiri, akapasua tumbo.

Yeye alikuwa mtunza maabara. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa kuwa miaka kumi na tisa ndiye aliyezifuta hadubini zote. Hakuigusa bahasha, alimwita Mkuu wa kitivo.

Saa mbili walikaa wanne mezani: Mkuu, Msajili wa udahili, Bi Hadubini, na Profesa aliyetunga mtihani huo wa vitendo. Karatasi zilihesabiwa. Sitini, zote zipo.

"Hakuna kilichopotea," Profesa alisema akitazama saa yake. "Tusahihishe, tuna kazi nyingine."

"Bahasha haijipasui yenyewe," Mkuu alijibu.

Msajili alikuwa na mshukiwa wake tayari. Shahada ya baiolojia ilibakiwa na nafasi moja, na waliokuwa wakiigombea, namba kumi na saba na namba arobaini na moja, walikuwa sawa kwa alama za mtihani wa maandishi. Na mlinzi alimwona arobaini na moja, binti wa fundi viatu, katika jengo hilo Jumapili saa tisa alasiri.

"Tumfute," alisema, "yaishe."

Binti aliitwa. Aliamkia, akasimama mlangoni.

"Jumapili ulifuata nini hapa?" Mkuu aliuliza.

"Sweta, Baba. Nililisahau kwenye benchi la nje. Maabara ilikuwa imefungwa, ila ndani taa ilikuwa inawaka."

Msajili aliguna. "Watoto wa siku hizi wanaongopa bila kupepesa macho."

Bi Hadubini alimtazama Msajili kama mtu anavyotazama uchafu kwenye lenzi. Jumamosi bwana huyu alisimamia mtihani macho yakiwa kwenye simu, kisha akasaini daftari la maabara bila kusoma hata mstari. Na mstari wenyewe ulikuwepo, kwa mwandiko wa Bi Hadubini: saa mbili na dakika arobaini, kabla ya mtihani kuanza, kioo chenye mkato wa jani kimepasuka, hadubini ya tatu imewekewa mkato wa mzizi. Daftari hilo halikuwahi kusomwa na mwenye shahada yeyote. Miaka yote aliliandika akijua msomaji wake ni Mungu.

"Naomba karatasi ya kumi na saba na ya arobaini na moja," alisema.

Profesa alicheka. "Mama wa vitambaa amekuwa mpelelezi?"

"Kufuta ni kutazama pia, Profesa."

Swali la tatu lilisema: chora unachokiona. Arobaini na moja alichora duara lenye nyota katikati, umbo la mzizi uliokatwa. Kumi na saba alichora ukanda wa jani, tabaka juu ya tabaka, wenye majina kumi na moja. Bi Hadubini akafunua zilizobaki, moja baada ya nyingine. Hamsini na tisa, duara. Moja tu, jani.

"Profesa, Jumamosi ulifika humu?"

"Nilikuwa arusini, mji mwingine. Nina mashahidi mia tatu!"

"Na mpango wa hadubini uliandika lini?"

"Wiki iliyopita. Nikakupa wewe peke yako. Ya tatu ni jani."

Bi Hadubini akamsogezea Mkuu daftari. Mkuu alisoma mstari kwa sauti. Msajili alipoona saini yake chini ya mstari huo, akafuta jasho.

"Nilidhani ni mambo ya vyombo," alinong'ona.

"Aliyeandika karatasi hii hakuwa kwenye mtihani," Bi Hadubini alisema. "Ameota jani. Tuliojua kwamba jani lilipangwa ni wawili, na mmoja wetu alijua limeondolewa. Ungefunua karatasi ya mtoto mwingine yeyote ungeliona duara. Hukuona haja."

Mkuu alipekua fomu za udahili hadi ya kumi na saba, akasoma jina la mama. "Huyu si dada yako?"

Profesa alivua miwani. Bila miwani alikuwa mtu wa kawaida tu, mwenye mashavu.

"Dada ndiye aliyenisomesha," alisema. "Alikuja nyumbani Jumapili asubuhi, akaniomba hiki kimoja. Ningemjibu nini?"

"Ungemwuliza alikusomesha nini," alisema Bi Hadubini.

"Na karatasi yake ya kweli?" Mkuu aliuliza.

"Nimeichoma. Swali la tatu alikuwa ameandika neno moja: sioni." Akamgeukia Bi Hadubini, sauti imekuwa ya kuomba. "Mama, tuyamalize humu humu. Mimi ni mtu mzima."

"Funguo," Mkuu alisema. Profesa aliziweka mezani, na ule wa akiba wa maabara ukiwemo. Mkuu alichukua kalamu nyekundu, akasahihisha duara la arobaini na moja kwa mkono wake, kisha akamwagiza Msajili aandike namba arobaini na moja kwenye orodha. Safari hii Msajili alisoma kabla ya kusaini.

Binti alikuwa bado amesimama mlangoni. "Mama, nimefutwa?"

"Umeingia, mwanangu. Ukianza, kila ukimaliza kazi uifunike hadubini." Bi Hadubini alimpisha Profesa apite. "Hawa wakubwa hawajui hata vifuniko vinakaa wapi."