Dizeli Iliyooshwa Mara Moja

Kila Jumatano baada ya masomo, Houda na rafiki yake Geneviève walibaki shuleni kwao, mtaani Mutakura, kuosha dizeli iliyotengenezwa kwa mawese.

"Mafuta ya mmea ni vipande vidogo vilivyoshikana," Mwalimu Valéry aliwaeleza. "Tunavitenganisha, tunaviunga na alkoholi, tunapata dizeli." Kuchanganya mafuta na dawa ilikuwa kazi ya mwalimu mwenyewe. Wanafunzi waliosha kwa maji mpaka yatoke maangavu, kwa sababu sabuni inayojitengeneza wakati wa kuchanganya ikibaki ndani huziba injini.

Wakati huo dizeli ilikuwa imeadimika mjini. Mashine ya kusaga mihogo ya mama yake Geneviève ilikuwa imesimama wiki tatu. Geneviève alimsihi mama yake hadi akakubali kutumia dizeli ya shule.

Jumatano iliyofuata Geneviève aliugua malaria, Houda akaosha peke yake. Maji ya kwanza yalitoka kama maziwa. Wenzake walikuwa wakimwita uwanjani. Akayamwaga, akaandika kwenye daftari la kazi: "Nimeosha mara nne. Maji maangavu." Mwalimu aliliamini daftari. Akaikausha dizeli na kuipeleka kwa mama yake Geneviève.

Mashine ilisaga siku mbili, ya tatu ikazima. Fundi alifungua chujio, akakuta uchafu mzito kama uji. Pampu ya dizeli nayo ilikuwa imeharibika.

"Ni we uliniletea hii," mama alimwambia Geneviève mbele ya wateja. "Mi sikutaka michezo ya shule kwenye mashine yangu."

Houda alikuwa hapohapo, ameleta beseni la mihogo kusagwa. Akajitwika beseni lake, akaenda zake bila kukiri.

Wiki nzima Geneviève hakuja shuleni. Houda alipopita kwao alimkuta akitwanga mihogo ya wateja kwa mikono, viganja vimechubuka. Hapo akashindwa kuvumilia. Alimfuata mwalimu, akamweleza yote, wakaenda pamoja kwa mama yake Geneviève.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. "Nimemugombeza mutoto wangu kila siku. We ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mimi usiniombe kitu. Muombe yeye."

Houda akaomba msamaha. Geneviève hakuinua macho. "Ungesema siku ile ile," alijibu, akaendelea kutwanga.

Pampu nyingine ilipatikana baada ya mwezi. Safari hii dizeli ilioshwa mbele ya mama, maji yakapimwa kila mara, na mashine ikasaga vizuri. Lakini wateja wengi walikuwa wameshazoea kusaga kwingine. Geneviève alirudi darasani, akakaa dawati la mbali.

"Mwalimu, nimeshasema ukweli," Houda alilalamika. "Mbona bado hataki kuongea nami?"

Mwalimu Valéry alifunga daftari. "Mimi pia nilikosea, niliamini daftari bila kupima. Dizeli mbovu tuliimwaga, tukatengeneza nyingine. Ila Geneviève alibeba kosa lako siku nyingi, nawe ukimtazama. Ulifanya vema kusema, Houda, lakini ulichelewa kusema. Sasa fanya kazi yako kwa uaminifu, na usimdai urafiki. Akitaka, atakurudishia mwenyewe."