Nani Anamfunika Punje?

"Mtoto si ndizi, umfunike ili aive," alisema Mkuu wa wodi, mkononi kashika shuka zito alilolivua juu ya inkubeta, sanduku la kioo la kumtia mtoto joto.

"Wala si nguo, umwanike ili akauke," Shangazi akamjibu.

Wanafunzi wa uuguzi waliinamisha vichwa wasionekane wanacheka. Shangazi hakuwa shangazi wa mtu pale. Wodi nzima ilimwita muuguzi huyo hivyo kwa jinsi alivyowasemesha watoto njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, kana kwamba wamezaliwa nyumbani kwao. Alikuwa ametoka mafunzoni, ambako alielezwa kwamba kope za njiti ni nyembamba mno, hazizuii mwanga. Taa zikiwaka kutwa kucha mtoto halali, na asiyelala haongezeki. Ndiyo maana alizima taa za dari na kufunika kila inkubeta.

Mkuu naye hakupinga kwa ukaidi tu. Mwezi uliopita mtoto mmoja alibadilika rangi chini ya shuka, na mpaka anafunuliwa, maji yalikuwa yameshamwagika.

Mwishowe wakapatana. Shuka libaki, ila kona ya upande wa uso ikunjwe juu, ili kila muuguzi anayepita aone midomo ya mtoto.

Aliyewanyima raha ni Punje, mdogo kuliko wote. Alikuwa na tabia ya kusahau kupumua. Ukimsugua unyayo, anakumbuka. Mashine ya kupiga kelele mtoto akiacha kupumua ilikuwa moja tu, na ilikuwa kwa fundi. Kilichobaki cha kumlinda ni macho ya watu.

Mchana huo Shangazi aliikunja kona ya Punje mwenyewe, akaenda kunawa. Aliporudi, kona ilikuwa imeshushwa. Akamwendea Mkuu na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba kama anataka kumkomoa, asimkomoe kwa mtoto. Mkuu akamtazama kwa mshangao. Yeye anayegombania mwanga, ndiye tena afunike?

Shangazi akaikunja upya, akaibana kwa plasta. Akageuka kumbadilisha nepi mtoto wa jirani. Akageuka tena.

Plasta ilikuwa sakafuni. Shuka lilikuwa limechomekwa pande zote, kwa upole, kama mama anavyomchomekea mwanawe chandarua.

Akalifunua. Punje alikuwa wa buluu.

Akamsugua unyayo. Kimya. Akasugua tena. Mtoto akashtuka, akavuta pumzi.

"Washa taa," Shangazi alinong'ona. "Zote."

Mkuu akawasha. Mashuka yote yakavuliwa, yakatupwa kwenye kapu la nguo chafu. Wodi ikawa nyeupe. Watoto wakakunja nyuso, wakalia vilio vyao vyembamba kama vya paka wachanga. Punje peke yake hakulia. Hakukunja hata uso. Juu ya macho yake palikuwa na kivuli.

Mkuu akaivuta taa ya magurudumu, akaisogeza kushoto. Kivuli hakikusogea. Akaisogeza kulia. Hakikusogea.

Kilikuwa na vidole.

Shangazi akapitisha kiganja juu ya kioo. Hapakuwa na kitu, ila hewa ya pale ilikuwa baridi. Alipotazama tena, kivuli kilikuwa kimeyaacha macho. Kilikuwa kinashuka. Taratibu. Kuelekea puani.

Akaingiza mkono kwenye kidirisha cha inkubeta, akaushika unyayo wa Punje, akawa anasugua, anasugua, hathubutu kuacha. Mkuu alikuwa ameganda na taa yake.

Nyuma yao mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama yake Punje, ameleta maziwa aliyoyakamua. Alisimama kizingitini kama alivyofundishwa, asiingie kabla ya kunawa. Akanyoosha shingo, akajaribu kuchungulia, akatabasamu kwa aibu ya mtu anayeogopa kusumbua.

"Samahani, dada," alimwambia Shangazi, "mwambie huyo mwenzenu aliyeinama atoe mkono usoni kidogo, nimwone mwanangu."