Uwanja Uliofagiwa Kinyumenyume

Kila alfajiri Kimya aliamshwa na ufagio. Chwaa, chwaa, chwaa: bibi yake anafagia uwanja. Jina hilo la Kimya alipewa na wenzake darasani. Tangu mama yake afariki na yeye kuhamia kwa bibi, mwaka mzima sasa, alikuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana" tu. Wageni walijaa siku za msiba, wakaondoka, na hodi haikusikika tena.

Wiki hiyo mwalimu aliwaagiza wachore kitu kizuri kilichopo nyumbani kwao. Picha zingebandikwa ukutani siku ya wazazi. Kimya alitamani sana bibi aikute yake; hakuwa na mwingine wa kumjia. Lakini achore nini? Ukuta uliobanduka, ndoo mbili, mchanga mtupu? Akachora maporomoko ya maji aliyoyaona kwenye kalenda ya dukani, akaandika chini: "Nyuma ya nyumba yetu."

Mwalimu aliitazama picha, kisha akamtazama mchoraji.

"Haya maji yako nyuma ya nyumba yenu?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi tuna bahati sote. Hata ofisini kwangu yapo, kwenye kalenda, mwezi wa Agosti."

Darasa likaangua kicheko. "Kimya, tuchotee ndoo moja!" alidakia msichana aliyeketi naye dawati moja.

"Nyamazeni," alisema mwalimu. "Una mkono mzuri, mwanangu, ila uongo siubandiki. Niletee nyingine kesho, la sivyo nafasi yako itabaki tupu."

Kesho yake ufagio haukulia. Bibi alikuwa kitandani, mgongo umemkaba.

"Leo nifagilie, mjukuu wangu. Anzia njiani, urudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Usikanyage ulipokwisha kufagia."

"Kwani nani anakuja, bibi? Sisi hatuna mgeni."

"Yupo. Asubuhi. Mwenyezi Mungu ananiletea kila siku bila kukosa. Niipokee kwa takataka?"

Kimya akafagia huku kanuna. Alipofika mlangoni akanyoosha mgongo, akatazama. Mistari ya ufagio ilienea mchangani, upinde juu ya upinde, kama nywele alizokuwa akichanwa na mama. Jua la kwanza liliilalia, kila mstari ukapata kivuli chake. Mwaka mzima alikuwa akiikanyaga, anakimbilia shule!

Akatua shomoro. Akarukaruka katikati ya uwanja, akaacha nyayo ndogo kama mishono ya sindano.

"Bibi," aliita polepole, "mgeni kafika."

"Si nilikwambia?"

Akachukua penseli.

Siku ya wazazi bibi alifika na mkongojo wake, akasimama mbele ya picha ya uwanja wao muda mrefu.

"Ndipo kwetu hapa," alisema.

Yule msichana wa dawati moja alisogea. "Nyayo hizi za nani? Naweza kuja kuona?"

"Njoo," Kimya akajibu. "Ila njoo mapema, kabla hatujakanyaga. Tunaanzia njiani, tunarudi nyuma, halafu..." Akaeleza mpaka kengele ikalia.

Mwalimu akatabasamu. "Huyu ndiye Kimya?"

"Mwacheni aseme," bibi alijibu. "Kanisimulia: siku ile aliazima uzuri wa watu, akachekwa. Wa kwake alikuwa amewekewa mlangoni. Mungu hamnyimi mtu, wanangu. Sisi ndio hupita mbio bila kutazama."