Kutoka A Hadi M

Saa 8:15 mchana

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la mikoba, Mtaa wa Msimbazi. Hakikuwa na dirisha wala feni. Kasmir alitandaza kipande cha boksi mezani, akachora jengo kwa kalamu.

"Ghorofa ya pili. Geti la chuma, kufuli mbili. Fiki, dakika ngapi?"

"Nne," alisema Fikirini.

"Tatu."

"Nne, braza. Kufuli haimwogopi mtu."

Kasmir aliandika nne kwenye boksi. Miaka kumi na mmoja walikuwa wakivunja maduka na maghala pamoja, na hakuwahi kumdhulumu Fikirini hata shati. Leo hawakufuata pesa. Walifuata majina.

Ghorofani pale palikuwa na wakala aliyeitwa Bwana Ismail. Kazi yake kupeleka wasichana Uarabuni wakafanye kazi za ndani. Wakishafika wananyang'anywa pasi, mshahara hawauoni, na ndugu wakiuliza wanaambiwa wasubiri barua. Celina, binti pekee wa Kasmir, alikuwa na mwaka na nusu bila barua. Shamsa, mdogo wake Fikirini, miezi kumi na minne. Fikirini mwenyewe ndiye aliyempeleka ofisini pale, akambebea na begi. Hilo lilimtafuna kila alipoamka.

Mtu wa tatu mezani alikuwa Nirali, fundi wa kompyuta mwenye duka la intaneti Mchafukoge.

"Wote wamo kwenye kompyuta yake," alisema. "Jina, nyumba, simu ya tajiri. Nilimtengenezea mimi, nikidhani ni orodha ya wafanyakazi tu. Mungu anisamehe."

"Tukishayapata?" aliuliza Kasmir.

"Shangazi yangu Harshida ni wakili kulekule Uarabuni. Jioni hii ananisubiri. Akipata orodha, kesho alfajiri polisi wanagonga milango yote kwa mkupuo. Lakini matajiri wao wakishtuka kabla, wasichana watahamishwa."

"Hiyo barua pepe inafika lini?"

"Kabla hujamaliza kukohoa."

Saa 10:05 jioni

Watani wa jadi walikuwa uwanjani, na Kariakoo nzima ilikuwa imetega masikio kwenye redio. Kasmir alikaa juu ya kreti ya soda mlangoni pa jengo, karibu na mlinzi aitwaye Vitalis, akijifanya shabiki wa timu ya Jangwani kindakindaki. Alilalamikia kila pasi.

Fikirini na Nirali walipanda ngazi za nyuma. Kufuli ya kwanza ilitii upesi. Ya pili ilikuwa jeuri. Ilifunguka dakika ya nne.

Saa 10:12

Nirali aliwasha kompyuta, akaingiza flopi ya kunakilia majina.

"Kila herufi ina faili lake. Naanza na A."

Fikirini alisimama nyuma yake. Lilipofika faili la C akaliona jina la Celina, na akafurahi, furaha ya ndugu kabisa. Mashine ilikoroma polepole. Goli likafungwa huko uwanjani, mtaa ukalipuka kwa kelele. H. J. K. M.

Umeme ukakatika.

Ratiba ya mgawo ilisema mtaa ule zamu yake ni kesho. Lakini nani mjini aliwahi kuiamini ratiba ya mgawo?

"Imeishia wapi?" aliuliza Fikirini.

"M."

"Na S?"

Nirali alichomoa flopi bila kumtazama. Chini, mluzi wa Kasmir ulilia mara mbili. Redio ya mlinzi ilikuwa ya umeme. Sasa imezima, na mwenyewe ameinuka. Wakafunga geti, wakatoka.

Saa 11:00

Waliwasha mshumaa chumbani.

"Umeme ukirudi tunatuma hizi," alisema Kasmir. "Wasichana mia na kitu, si haba."

"Na Shamsa?"

"Ismail akibanwa atamtaja."

"Au atamficha. Si ndivyo ulivyosema, dada Nirali?"

Kasmir aliwahi kabla Nirali hajajibu.

"Tutarudi Jumatatu, Fiki."

"Angekuwa Celina ndiye aliyebaki, ungesema Jumatatu?"

Kasmir alisogeza mshumaa kando. Akachukua flopi, akamwekea Fikirini kiganjani.

"Kaa nayo wewe. Yule mlinzi ameiona sura yangu. Nikikamatwa, nisikutwe nayo. Sisi tunasubiri dukani kwa Nirali. Taa zikiwaka tu, uje."

Saa 11:45

Bwana Ismail alikuwa mgahawani Mchafukoge, na watu wake wawili, wakibishana juu ya lile goli. Fikirini aliiweka flopi mezani, kidole juu yake.

"Majina yako haya."

Ismail aliitazama. Akawaashiria wenzake wasogee.

"Unataka nini?"

"Namba ya simu. Shamsa, wa Msimbazi."

Ismail alitoa kijidaftari mfukoni, akapekua bila haraka, akaandika, akachana karatasi.

"Mmoja tu?" aliuliza, na mshangao wake ulikuwa wa kweli.

"Mmoja."

Damu nzito kuliko maji, Fikirini alijiambia akiondoa kidole. Wale wengine nao walikuwa na damu zao. Alilijua hilo, na aliona aibu, na alitoka hivyohivyo. Nyuma yake Ismail alikuwa ameshatoa simu yake ya mkononi.

Saa 12:20

Alipiga kutoka simu ya kadi karibu na soko. Iliita sana.

"Shamsa? Mimi Fikirini."

Kwanza alisikia kilio tu.

"Kaka. Tupo hai, kaka. Mimi na Celina."

"Celina gani?"

"Wa braza Kasmir. Tuko nyumba moja tangu Ramadhani."

Fikirini aliegemea kibanda. Nyumba ile ilikuwamo kwenye flopi, faili la C.

"Tajiri amepigiwa simu kutoka Dar sasa hivi," alisema Shamsa, sasa akicheka na kulia pamoja. "Katuambia tufunge mizigo, gari liko nje. Ni nyie, eh? Mmekuja kututoa?"

Simu ikakatika. Alipiga tena mara tano. Haikupokelewa.

Saa 1:05 usiku

Taa ziliwaka Mchafukoge nzima, watoto wakashangilia barazani. Dukani, Nirali alikuwa ameshafungua barua pepe, anwani ya shangazi yake juu. Kasmir alikuwa amemsogezea Fikirini kiti. Alitabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mwaka na nusu, akanyoosha mkono.

"Lete, mdogo wangu."

Fikirini hakuketi.

"Wako nyumba moja," alisema. "Celina na Shamsa."

Mkono wa Kasmir ulibaki hewani.

"Umejuaje?"