Alama Isiyobanduka

Kila siku baada ya masomo, msichana mmoja aliyebandikwa jina la Tone kwa udogo wake alifungua faili la vipimo vya mvua katika chumba cha kompyuta cha shule. Yeye na kaka yake walimpimia mwalimu wao mvua kwa zamu. Mwezi ukiisha, Tone alilitia faili la mwezi huo alama ya "soma tu" ili lisibadilishwe.

Siku moja alikuta alama ya faili la mwezi uliopita imeondolewa, kwa mara ya tatu. Siku mbili za zamu ya kaka yake, zilizokuwa tupu, sasa zilikuwa na vipimo.

"Umevitoa wapi?" alimuuliza.

"Kichwani," kaka yake akacheka. "Ukifunga, nafungua. Tuone nani atachoka!"

Tone alimkimbilia shangazi yao, fundi wa kompyuta wa shule. "Mwalimu akigundua namba za kubuni, anavitupa vipimo vya mwaka mzima! Nitairudisha alama hata mara mia."

"Naye ataiondoa mara mia na moja," shangazi akasema taratibu. "Programu yoyote ikitaka kuiondoa, inakiomba kiini cha mfumo wa kompyuta, sehemu inayoamua kila kitu, nacho hukubali tu. Tukifundishe kukataa."

Tone alirudisha nakala ya awali na kuitia alama. Kisha, shangazi akimwelekeza, akaandika kizuizi ndani ya kiini: ombi lolote la kubadili alama za faili lile likataliwe, litoke kwa programu yoyote ile.

Kesho yake, mbele ya Tone na shangazi, kaka alijaribu kuiondoa alama kwa programu moja, kisha kwa ya pili. Kioo cha kompyuta kilijibu vilevile: Hairuhusiwi.

"Toa kizuizi chako, bibie."

"Sitoi."

"Mimi ni kaka yako!"

"Hata ungekuwa babu yangu. Sitoi!"

"Mwalimu atajua nilikwenda mpirani!"

"Ajue. Mvua haijakukosea kitu hata uisingizie."

Kaka alimtazama shangazi, akitafuta wa kumtetea. Shangazi akamsogezea karatasi tupu. Kaka akaandika kwamba siku zile mbili hakupima, akaipeleka mwenyewe kwa mwalimu.

Mwalimu aliisoma, akaikunja ndani ya daftari lake. "Adhabu yako ni kupima peke yako wiki mbili," alisema. "Lakini vipimo vinabaki. Pengo la kweli naweza kulifanyia kazi. Namba ya uongo inaniharibia hata zile za kweli."

Njiani kaka aliuliza, "Na kizuizi?"

"Nacho kinabaki," Tone akasema.