Alisema Limeoza

Sumaku iligoma kushika. Corinne Pettiford aliibandika kwenye mlango wa gari, ikaanguka matopeni. Akaibandika kwenye madigadi, ikaanguka tena. Soko la magari ya zamani nje kidogo ya Detroit lilikuwa limefurika Jumapili ile ya Aprili: moshi wa soseji, harufu ya petroli, wanaume wenye matumbo wakibishana juu ya kabureta. Na katikati yao, mwanamke mwenye koti la njano na viatu visivyojua matope, akigombana na sumaku.

"Gari lako limejaa puti ya kuzibia kutu," alimwambia muuzaji bila kupepesa. "Chuma hamna humu!"

Mtu mmoja nyuma yake akacheka.

"Dada, hiyo ni Corvette. Mwili wake ni faiba tupu. Hata ukiisomea dua, hiyo sumaku haishiki."

"Na wewe nani kakuuliza?"

"Hakuna. Naitwa Royce Tolliver. Siku za kazi nakagua magari kwa ajili ya bima. Jumapili nakuja kuchungulia ya watu."

Alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi kana kwamba anakwenda kanisani, tochi mfukoni. Corinne alitaka kukasirika, lakini tabasamu lilimponyoka.

"Haya, bwana mchunguliaji. Chuma kiko wapi?"

"Chini. Na ndiko kunakooza. Barabara zetu zinamwagiwa chumvi kila baridi, basi chumvi inakula fremu huku juu rangi inang'aa. Shika boneti kwanza. Ya moto?"

"Ya moto."

"Basi jamaa kaliwasha kabla hujafika. Gari likiwashwa likiwa baridi ndipo linapoonyesha moshi wake. Na hapa karibu na miguu ya dereva, kuna kipande kinafunguka. Ingiza kidole. Umepata nini?"

Corinne alitoa kidole kimejaa kutu nyekundu. Muuzaji akageukia wateja wengine.

Walikula mkate wa soseji uliomwagiwa mchuzi wa nyama na vitunguu, wamesimama, na Corinne akamweleza kilichomleta. Baba yake, Mzee Lucius, alifunga injini za magari yale kiwandani kule Flint kwa maisha yake yote ya kazi, na hakuwahi kumiliki hata moja. Akiba ameweka. Tatizo ni macho.

"Macho yanakwisha, Royce. Daktari kasema majani yakianza kupukutika, leseni wataichukua. Anataka aliendeshe lake, kwa mikono yake, kabla ya hapo. Hataki kingine duniani."

"Tutalipata," Royce akasema. Siku hiyo alisema kweli.

Basi kila Jumapili wakawa wanatoka. Lansing, Saginaw, vijiji ambavyo hata ramani inavisahau. Royce alimfundisha kulala chini ya gari na kugonga fremu kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza hunung'unika. Alimfundisha kulinganisha namba ya injini na ya gari. Katikati ya wiki simu zikawa haziishi.

"Haloo, Bibi Sumaku."

"Wewe! Nina foleni ya wagonjwa hapa kwenye duka la dawa, na wote wananitazama nacheka peke yangu."

"Waambie ni dawa mpya."

"Dawa hii ina madhara, mkaguzi. Inazuia kula."

"Basi kunywa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Mimi hapa."

Mapenzi ni kikohozi, walisema wazee, hayafichiki. Lakini hawa wawili walikuwa wanayaficha nyuma ya gari. Hakuna aliyethubutu kusema neno lenyewe; kila mmoja alisema fremu, akasema breki, akasema Jumapili ijayo.

Mwezi wa sita wakafika Ypsilanti, kwa Bi Hedda Lindqvist, mjane mwenye mvi zilizofungwa kwa utepe. Gereji yake ilinukia nta. Gari lilikuwa la bluu, la mwaka sabini na mbili, boneti yake baridi kama sahani. Lilipowashwa halikutoa moshi. Taa zake zilizojificha ziliinuka zote mbili kwa pamoja. Royce akalala chini, akagonga. Chuma kikalia. Akagonga nyuma, karibu na magurudumu, mahali panapoua magari mengi. Kikalia zaidi.

Hapo juu alimsikia Corinne, aliyevaa gauni jeupe la maua siku hiyo, akimwambia mjane, "Nikilipata leo, mama, Jumapili zangu napumzika. Nimechoka kutambaa kwenye magereji ya watu."

Kutambaa ndiko kulikomchosha, masikini. Royce alisikia jingine. Alisikia kwamba kazi yake imekwisha, na kwamba Jumapili ijayo gauni lile litakuwa mahali asipokuwepo yeye. Akatoka chini, akajifuta mikono polepole. Mwanamume wa miaka thelathini na tisa, ambaye neno lake lilizika au kufufua magari ya watu, akasema uongo wa mtoto.

"Limeoza."

"Limeoza?" Bi Hedda akashika meza. "Marehemu mume wangu hakulitoa wakati wa chumvi hata siku moja. Aliniapia."

"Pole, mama. Pengine alilitoa bila wewe kujua."

Mjane alilifunika gari turubai, akawafungulia mlango. Ndani ya gari la Royce, Corinne alilia kidogo, naye akamkumbatia, na ndiyo siku waliyobusiana mara ya kwanza. Royce alipata alichokitaka, na tangu saa ile hakukifurahia.

Alijiambia atatafuta jingine haraka. Akatafuta kama mtu aliyepotezewa mtoto. Kila alilolala chini yake lilinung'unika. Julai, Mzee Lucius aligonga sanduku la barua la jirani mchana kweupe, na daktari hakungoja majani. Leseni ikachukuliwa.

Agosti, siku ambayo magari ya zamani hufunga barabara ya Woodward kutoka asubuhi hadi jioni, walimweka Mzee kwenye kiti cha turubai pembeni mwa njia. Kofia nyeupe, suruali yenye mkunjo. Alikuwa akisikiliza injini zikipita na kuzitaja moja moja, wala hakosei.

"Royce, kijana wangu," akasema, akipapasa mpaka akaupata mkono wake. "Usijisikie vibaya. Umejitahidi. Mungu hakupenda tu."

Royce akautoa mkono wake. Kumsingizia Mungu kosa lake! Akamvuta Corinne pembeni ya kibanda cha soda.

"Mpenzi, vipi? Mbona umepauka hivyo?"

"Lile la bluu. La Ypsilanti."

"Limefanyaje?"

"Lilikuwa zima, Corinne. Safi kuliko yote niliyowahi kuona. Nilidanganya."

Corinne alidhani anatania. Alimtazama machoni, na tabasamu likafifia taratibu.

"Kwa nini?"

"Ulisema Jumapili zako utapumzika. Niliona ndiyo mwisho. Niliogopa kukupoteza."

"Ungeniomba, Royce." Sauti yake ilikuwa ndogo, na magari yalikuwa yanapiga kelele. "Ungesema tu, Corinne, twende tukale Jumapili. Ningekuja. Ningekuja bila gari, bila fremu, bila chochote. Baba yangu alikuwa bado anaona!"

Akamshika baba yake mkono, akakunja kiti, wakaenda. Simu za Royce hazikupokelewa tena.

Majuto ni mjukuu, lakini ya Royce yalihamia nyumbani kabisa. Mwezi mzima alikagua magari ya ajali na kuandika hasara za watu wengine. Mwishowe akaenda Ypsilanti, akasimama mlangoni kwa Bi Hedda na kumwambia yote bila kujitetea.

Mjane aliegemea mlango.

"Unajua ulichonifanyia?" akasema. "Tangu uondoke nimekuwa nikijiuliza mume wangu alilitoa kwenda wapi, na nani. Nimeishi naye miaka arobaini, wewe ukamfanya mwongo kwa dakika moja. Nimeacha kupeleka maua kaburini."

"Nisamehe, mama."

"Sijui kama naweza. Mpigie yule mzee. Mbele yangu, sasa hivi."

Akapiga. Mzee Lucius alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Ila mimi sikukupa moyo wangu. Mwenye kesi ni binti yangu. Na hilo gari, yule mama bado analiuza?"

Walikuja Jumapili. Corinne hakumsalimia Royce. Alitandika gunia, akalala chini na jinzi yake, akagonga mwenyewe kuanzia mbele hadi nyuma. Alipotoka uso ulikuwa umelowa.

"Zima," alimwambia baba yake. "Zima kabisa, Baba."

Bi Hedda, aliyemshuku mumewe bure, aliingia ndani, akajifungia.

Corvette ina viti viwili tu. Corinne akashika usukani, Mzee akakaa kando, wakapotea kwenye barabara ya mashamba ya mahindi. Royce alibaki amesimama kama mshitakiwa. Waliporudi, Mzee alishuka akiwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili.

"Injini yake inaongea vizuri," akasema. Kisha akageuza uso upande wa Royce. "Nilitaka kuliendesha."

"Najua, Mzee."

"Nilitaka sana, kijana."

Royce alilia palepale, bila kuficha, huku Mzee akienda zake taratibu kumgongea mjane mlango, amlipe gari lake.

"Panda," Corinne akasema kutoka kwenye usukani.

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa? Sijakusamehe. Panda."

Akapanda. Kiti kilikuwa bado na joto la mzee. Corinne hakuondoa gari. Alikuwa akitazama mbele.

"Baba hawezi tena kujipeleka popote. Kanisani, kwa kinyozi, kwa daktari, kwa wenzake wa Flint. Utampeleka wewe, kwa gari hili. Akitaka kwenda, huna udhuru. Na utamweleza kila unachokiona njiani, bila kuongeza wala kupunguza."

"Mpaka lini?"

"Ana miaka sabini na moja, na watu wa kwao hufika mia. Piga hesabu."

Royce alifuta macho kwa mkono wa shati. "Corinne, hiyo ni ndoa hiyo."

"Anza na adhabu kwanza," akasema, akatia gia.